Tija ya Watu Kumi na Wanne

Kwenye ukuta wa jiko letu, juu ya meza ya kulia, nimebandika jedwali. Wenzangu hubandika kalenda au picha ya harusi. Mimi nimebandika ukurasa mmoja kutoka taarifa ya mwaka ya ofisi yetu ya takwimu. Una sekta kumi na moja za biashara za nchi nzima, kila sekta na mstari wake, na kila mstari una safu tatu: sekta imeajiri watu wangapi, mtu mmoja anazalisha thamani gani kwa mwaka, na katika kila mia inayoingia ngapi inabaki kuwa faida. Ajira, tija, faida, na mistari imepangwa kwa tija, kubwa juu. Ukishajua hayo matatu, nilikuwa nasema, unajua kila kitu kinachofaa kujulikana kuhusu kazi ya mtu.

Mume wangu ni mpishi wa hoteli. Yuko mstari wa kumi.

"Wengi kama siafu, faida nyembamba kama ngozi ya kitunguu," humwambia akinichelewesha.

"Na nyinyi wa serikali mko mstari wa ngapi?" hunijibu.

"Sisi hatupimwi."

"Ndiyo maana hamwishi kupima wenzenu."

Kelele zetu ndizo hizo. Lakini mwaka huu jedwali liliacha kuwa utani, kwa sababu kifungua mimba wetu alimaliza shule na chuo kikampa achague: benki na fedha, au usubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kiwe kipuri, na ukarabati wa mitambo. Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa saa sita mchana, na sahihi ya mzazi.

Yeye alitaka vyuma. Haikuwa siri. Akiwa na miaka kumi na minne aliyeyusha sufuria yangu ya aluminiamu uani, akaimimina kwenye shimo la mchanga na kutoa kitasa cha mlango. Kitasa kinafungua mpaka leo. Sufuria ilikuwa mpya.

Jumamosi asubuhi nilimsimamisha mbele ya ukuta. "Soma. Benki?"

"Mstari wa pili."

"Usubu na ukarabati wa mitambo?"

"Wa tisa. Lakini mama, hiyo ni ya mwaka jana."

"Na ya mwaka huu itatofautiana nini?"

"Sijui. Hata wewe hujui."

Hapo alinipata, maana ni kweli nilikuwa sijui. Mimi ni mtu wa neno moja, basi nikasema: "Ya mwaka huu inatoka wiki ijayo. Usubu ukiipita benki kwa tija, natia sahihi bila kufungua mdomo. Usipoipita, unaandika benki, nawe hufungui mdomo."

Akanipa mkono. Baba yake, mwiko mkononi, akasema yeye ni shahidi, ila kwa mwenendo wa kina mama wa nyumba hii hakuna atakayefunga mdomo.

Jumatatu rasimu ya jedwali iliwekwa mezani kwangu. Nilipitisha kidole toka juu. Simu na mawasiliano, wa kwanza. Wa pili: usubu na ukarabati wa mitambo. Benki, wa tatu.

Nilirudia mara tatu. Kisha nikafungua madodoso ya sekta hiyo moja moja, nikakuta panapovuja. Kampuni moja, ambayo mwaka jana haikuwamo kwenye sampuli yetu, ndiyo iliyoinua mstari mzima, maana kwenye sampuli kampuni moja husimama badala ya nyingi. Tukichukua wastani wa nchi kuwa mia moja, mfanyakazi wa kampuni ile alizalisha mia nne na kumi na mbili. Walioajiriwa: kumi na wanne. Watu kumi na wanne wenye vyuma na mchanga, wamewaacha nyuma watu wa mabenki na kompyuta zao.

Mkuu wetu wa kitengo tunamwita Desimali, kwa kuwa hajawahi kupokea namba isiyo na nukta akairidhia. Alikuja akachungulia begani kwangu.

"Hiyo ni sifuri imezidi. Karani wao kateleza."

"Huenda."

"Si huenda. Itoe, mpe wastani wa wenzake. Tufunge jedwali."

Nisijifanye malaika. Wastani wa wenzake ungeirudisha sekta chini, binti angekwenda benki, nami ningelala usingizi mnono. Lakini miaka kumi na tisa sijaweka namba nisiyoijua inakotoka, na sikutaka kuanza na ile iliyokuwa inanifaa mimi.

"Nipe siku moja nikaione," nikamwambia.

"Kuona nini? Vyuma?"

"Sifuri."

Jumanne saa mbili na nusu nilikuwa getini. Jina la kampuni silitaji, tumekula kiapo. Ni banda refu la mabati nyuma ya barabara ya maghala, lina tanuri moja, milima miwili ya mchanga mweusi, na ofisi ndogo ya mbao kwenye kona. Askari wa getini aliniandikisha kwenye daftari la wageni: jina, ninakotoka, saa ya kuingia. Karani, kijana nadhifu wa shati la mikono mirefu, aliniwekea vitabu vya mwaka mzima bila kusita. Nikajumlisha mauzo. Nikatoa makaa, vyuma chakavu, umeme, mchanga. Nikalinganisha na hundi za mishahara: majina kumi na manne, kila mwezi, bila pengo.

Hapakuwa na sifuri iliyozidi. Kila kitu kilikaa pale pale kilipoandikwa.

Nilifunga vitabu. Ilikuwa kama umekuta mwanao uliyedhani hajaanza kusema anaongea lugha usiyoijua. Nilikuwa nimekuja kumfuma karani, na karani alikuwa msafi.

Kengele ya chakula ikagongwa saa sita, na mpishi wao akaanza kupanga sahani juu ya meza ndefu bandani. Mimi ni mtu wa kuhesabu hata nisipotaka. Kwenye misiba nahesabu viti. Nikazihesabu. Thelathini na moja.

"Karani," nikasema, "hizi sahani ni za nani?"

"Za watu."

"Umeniandikia kumi na wanne."

"Ndio wafanyakazi. Hawa wengine ni wageni."

Nikawatazama hao wageni. Mmoja alikuwa anachekecha mchanga, jasho linamtiririka mpaka kiunoni. Wawili walikuwa wameshika tupa wanachonga meno ya gia. Mwanamke mwenye ovaroli ya idara ya maji alikuwa amepiga magoti anapaka masizi ndani ya kalibu, umbo la mchanga ambamo chuma humiminwa, taratibu kama anayempaka mtoto mafuta.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nikamwambia karani.

"Hapa jembe analipata saa ya kwanza," akajibu, akaondoka kwenda kula.

Aliyenieleza ni fundi mkuu, mwanamke wa rika langu mwenye aproni ya ngozi na nyusi zilizoungua nusu. Alikuwa anakula amesimama.

"Sisi hatupokei chuma kilichovunjika kikiletwa na dereva," akasema. "Mgonjwa haji hospitali peke yake. Anakuja na ndugu. Aliyekuwa anaiendesha hiyo mashine siku ilipovunjika ndiye anayeileta, na anakaa hapa mpaka itoke. Anafanya kazi na sisi. Mshahara analipwa na kwao."

"Kwa nini mnamshikilia?"

"Utaona. Kuna mmoja kaingia sasa hivi."

Huyo mmoja alikuwa mwanamume mnene wa kiwanda cha kusaga unga, nyusi nyeupe kwa vumbi. Alikuwa amekumbatia nusu ya gia kubwa kama ungo. Nusu ya pili ilikuwa sakafuni. Fundi aliweka sahani chini, akapitisha kidole gumba kwenye mpasuko wa chuma, na hakuuliza vipimo. Aliuliza: "Ilisema nini kabla haijavunjika?"

"Ilipiga kelele."

"Kelele gani? Iseme."

Yule bwana akatazama huku na huku. "Fundi, mbele ya watu?"

"Mbele ya watu. Hata mkwe wako angekuwepo."

Basi akavuta pumzi, mashavu yakajaa, akatoa mngurumo toka tumboni: krrr, krrr, krrr, na katikati ya kila mara tatu, tak! Meza nzima iliacha kutafuna. Nikangoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wameinamisha vichwa wanasikiliza.

"Rudia," fundi akasema. "Hiyo tak, ilikuja juu au chini? Mwanzo wa zamu au mwishoni?"

"Mwishoni. Mashine ikishapata moto."

"Nilijua," akasema mwanamke wa idara ya maji akiwa bado ana chakula mdomoni. "Ekseli yenu imepinda. Pampu yetu ilisema hivyo hivyo mwezi wa pili."

"Ekseli," fundi akakubali. "Ningekusubia gia nzuri kuliko hii, ingevunjika kabla ya wiki mbili. Tutasubu gia, na utarudi na gia na namna ya kunyoosha ekseli. Umekula? Kaa. Kisha ukachekeche mchanga."

Nikauliza gia kama ile ikiagizwa ng'ambo inachukua muda gani. Yule bwana akasema wiki sita. Na kiwandani wako wangapi? Mia tatu na sitini, wote wamekaa nje ukutani wanatazama malori yakigeuza. Na hapa itachukua muda gani?

"Kesho jioni," fundi akasema, kama vile anasema kesho kuna mkutano wa wazazi.

Kalibu ya mwanamke wa maji ndiyo iliyokuwa zamu mchana ule. Wakaniambia nisimame nyuma ya mstari mwekundu na nisiongee. Feni ya tanuri ikazimwa, na ndipo nikajua ilikuwa inapiga kelele kiasi gani, maana ukimya ulishuka mpaka nikasikia bati la paa likijinyoosha kwa joto. Wanne wakashika upawa mkubwa kwa mikono yake mirefu, wawili huku, wawili kule. Sikuweza kujua nani mfanyakazi na nani mgeni. Wakainama pamoja, bila kuhesabu moja, mbili, tatu.

Nilidhani chuma kilichoyeyuka ni kizito, kinaburuzika kama ugali. Kumbe ni chepesi. Kilitoka kama maziwa, mkondo mwembamba wa mwanga, hauna kelele kabisa, ukaingia kwenye tundu la mchanga lisilozidi kikombe. Nyuso zao zote ziligeuka rangi moja. Fundi alikuwa ameinua mkono mmoja hewani, hatazami mkono wala watu, anatazama tundu la pili upande wa pili wa kalibu. Pale tundu la pili lilipowaka, ishara kwamba chuma kimejaa ndani kote, akakunja ngumi. Upawa ukainuka. Hakuna tone lililoanguka nje. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja, na mimi nikagundua nilikuwa nimeibana yangu.

Nimeshuhudia kuzaliwa kwa watoto wanne, watatu wakiwa wangu na mmoja wa shoga yangu. Sitaki kusema mengi. Ilikuwa kitu cha aina hiyo.

Na bado nilikuwa na kazi. Nilirudi getini nikaomba daftari la wageni. Askari yule hajui kama ndiye mtunza takwimu bora niliyewahi kukutana naye: kila mgeni, anakotoka, ameingia saa ngapi, ametoka siku gani, mwaka mzima, bila kufuta. Nilikaa kwenye benchi lake kwa muda wa saa tatu. Kwa wastani, wageni kumi na saba kila siku ya kazi. Kumi na wanne na kumi na saba ni thelathini na mmoja, kama sahani. Watu hao tulikuwa tumeshawahesabu, ila kwenye mistari mingine: huyu kwenye unga, yule kwenye maji, yule kwenye saruji. Jasho lao lilikuwa huku na majina yao kule.

Nikagawa upya. Mia nne na kumi na mbili ikawa mia moja themanini na sita. Nikagawa mara ya pili, na ya tatu, safari hii nikitamani nikosee. Haikubadilika. Nikiipeleka hivyo, sekta ingeteremka toka mstari wa pili hadi wa sita.

Jambo la pili nililiona nilipokuwa nafunga daftari. Nilikuwa nimeandika pembeni sekta ya kila mgeni, kwa mazoea tu. Nikazitazama zile alama. Mashamba: kisu cha kukatia miwa. Migodi: taya la mashine ya kuponda mawe. Ujenzi na saruji, uchukuzi, viwanda vya unga na nguo, umeme na maji. Maduka: roda ya lifti. Hoteli: mkono wa mashine ya kukandia unga, na hoteli yenyewe nikaijua, ndiyo anayopikia mume wangu. Simu, shina la mnara. Hata benki: bawaba ya mlango wa chumba cha fedha, karani wao alikaa hapa siku mbili amekunja mikono ya shati anachekecha mchanga.

Mistari ya jedwali langu yote ilikuwa imepita kwenye geti lile. Miaka kumi na tisa nimechora mistari ile kwa rula. Niliketi kwenye benchi la askari, nikaona nchi nzima imeinama pamoja kushika upawa mmoja, na sikuwa na safu ya kuiandika.

Jumatano nilimwekea Desimali namba mpya. Akafurahi. "Si nilikwambia? Mia nne! Upuuzi."

"Sifuri haikuzidi. Watu walipungua."

"Basi vizuri. Funga."

"Na wale mia tatu na sitini wa unga, watakaorudi kazini baada ya siku mbili badala ya wiki sita? Wanaingia wapi?"

"Kwenye unga. Ni tija ya unga."

"Iliyosubiwa wapi?"

"Mama watoto," akasema, huniita hivyo akichoka, "hakuna safu ya hiyo."

Nilimfungulia nakala ya daftari la wageni na orodha yangu ya alama, nikaenda kunywa chai. Niliporudi alikuwa amevua miwani. Alikuwa amefika mwezi wa kumi na moja.

"Sekta ngapi zimepita hapo?" nikamuuliza.

"Zote," akasema. Hakutia nukta.

Akanipa tanbihi ya mistari minne chini ya jedwali. Kwa Desimali, mistari minne ni shamba zima. Niliiandika mara saba, na bado inasema kidogo kuliko nilichokiona.

Alhamisi mchana nilitoka kazini mapema. Binti alikuwa mezani na fomu mbele yake, kalamu pembeni, amekaa wima kama anayengoja matokeo ya hospitali. Baba yake alikuwa zamu.

"Imeipita?" akauliza.

Ningeweza kumwambia Jumatatu ilikuwa imeipita. Ilikuwa kweli ya siku moja. "Haikuipita. Nilikwenda mwenyewe nikahakiki. Ni wa sita."

Aliuma mdomo. Alivuta fomu, akashika kalamu, akaandika kwenye nafasi ya kozi herufi ya kwanza ya neno benki. Nilimlea mwenyewe, hivyo ndivyo nilivyomlea, na sijawahi kuona malezi yangu yakinitisha kiasi kile.

"Weka kalamu chini," nikasema.

"Mama, tulipeana mkono."

"Tulipeana. Kipimo nilichagua mimi. Namba ni sahihi, kipimo ndicho kifupi. Huwezi kupima kisima kwa kijiko kisha ukalaumu kisima."

"Sasa nafanyaje?"

"Nataka nikwambie nilichoona." Nikafungua mdomo. Mimi huandika taarifa za kurasa mia mbili. Nikaanza na wale kumi na wanne, nikaruka kwenye kumi na saba, nikaona namba zinaniponyoka, nikaishia kusema kama mtoto: "Nimeona chuma kikimiminwa."

Akainua uso. "Kilikuwa rangi gani?"

"Rangi ya moto. Njano."

"Njano ya yai, au njano inayokwenda kwenye nyeupe?"

Nikafumba macho nikautafuta ule mkondo. "Nyeupe. Pembeni nyeupe."

"Na kilipoanguka, kilirusha cheche nyingi au kilitulia?"

"Kilitulia. Kama maziwa."

"Basi kalibu yao ilikuwa kavu kabisa," akasema kwa sauti ya chini, hanitazami tena, anatazama mahali fulani katikati ya meza. "Ingekuwa na unyevu ingeruka. Waliikausha vipi, mama? Walikausha kwa makaa au kwa mwali?"

Nilikuwa nimesimama pale, nyuma ya mstari mwekundu, macho yangu mawili yakiwa wazi, na huyu ambaye hakuwepo alikuwa anaona zaidi yangu.

Nilivuta fomu. Nilikata ile herufi moja kwa mstari, nikaandika sahihi yangu pembeni yake kama inavyotakiwa mtu akifanya masahihisho, kisha nikaandika usubu kwa herufi kubwa, nikatia sahihi mahali pa mzazi.

"Wa sita kati ya ngapi?" akauliza, mkono wake ukiwa mdomoni.

"Kumi na moja."

"Si vibaya."

"Si vibaya," nikasema. "Sasa nieleze hiyo ya unyevu. Kwa nini ingeruka?"

Akavuta kiti chake karibu akaanza, mikono ikichora kalibu hewani, mara akirudi nyuma kunieleza kitu alichosahau. Saa nzima ilipita, na sikumkatiza.